Kujipangia Safari ya Kuteleza Thelujini

Na Mwalimu wa Jiografia

Muhula uliopita, tulipokuwa tukisoma habari za milima ya Alps katika Kidato cha Tatu, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, watu wanaokwenda huko kuteleza juu ya theluji, nani huwapeleka?" Nikamjibu kwamba wengi hupelekwa na makampuni ya safari, lakini wengine hujipeleka wenyewe. Kisha nikasema, bila kufikiri sana, kwamba hata mimi nimewahi kujipeleka. Darasa zima likacheka. Tangu siku ile sijapata amani. Kila nipitapo karibu na mabweni naulizwa habari hiyo. Mhariri wa gazeti letu ameniomba niiandike mara moja ili nisiisimulie mara mia. Haya basi, naiandika, wala sitaficha makosa yangu, maana ndimo nilimojifunza.

Kwanza yafaa nieleze mchezo wenyewe. Mchezaji huvaa viatu vigumu vinavyofika karibu na nusu ya muundi, kisha hivyo viatu hufungwa juu ya mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopinda kidogo mbele. Mbao hizo huitwa skii. Siku hizi hazitengenezwi kwa mbao tupu, bali hata kwa plastiki na chuma, lakini jina limebaki. Mtu hupandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia katika kamba ya chuma, au kwa kibanda kinachokwenda juu ya kamba hiyo, kisha hutelemka kwa skii katika njia zilizosawazishwa kwa mashine. Katika nchi ya Austria njia hizo zina alama za rangi: buluu ni nyepesi, nyekundu ni ya kadiri, na nyeusi ni ya mabingwa. Majira yenyewe ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, kwa kadiri mlima ulivyo juu.

Wala msidhani kwamba mchezo huu hauna Mwafrika ndani yake. Mwaka 1998 Philip Boit wa Kenya alishindana katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, katika mbio za skii za kilometa 10. Alifika wa mwisho, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwisho wa njia akamkumbatia. Na mwaka 2018 msichana aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, Sabrina Simader, aliiwakilisha Kenya katika mashindano ya kutelemka mlimani huko PyeongChang, Korea ya Kusini.

Sasa tuje kwenye swali la yule mwanafunzi. Kampuni ya safari hufanya kazi gani? Huchukua vipande vingi vya safari, yaani gari moshi au ndege, nyumba ya kulala, chakula, tiketi za kupandia mlimani na mwalimu wa mchezo, ikavifunga pamoja na kuviuza kwa bei moja. Kazi hii si mpya. Tarehe 5 Julai 1841 Mwingereza mmoja, Thomas Cook, alipanga safari ya gari moshi kwa watu kama 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, nao wakalipa nauli moja kwake. Kutokana na mwanzo huo mdogo ilikua kampuni kubwa iliyojulikana dunia nzima. Lakini hata mbuyu huanguka. Kampuni yenye jina hilo ilifilisika Septemba 2019, na Waingereza kama 150,000 wakajikuta katika nchi za watu, ikawa kazi ya serikali yao kuwarudisha nyumbani.

Kwa sababu ya mambo kama hayo ziko sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2018 inamtaka anayeuza safari nzima kwa pamoja awe na dhamana, ili akifilisika wateja warudishiwe fedha zao, na kama usafiri ulikuwamo katika mapatano, warudishwe kwao. Tena kitu kimoja cha safari kikiharibika, yeye ndiye wa kuulizwa. Lakini mtu anayenunua kila kipande peke yake hana mlezi wa namna hiyo. Gari moshi likichelewa, mwenye nyumba hahusiki. Theluji isiponyesha, mwenye gari moshi hahusiki.

Hapo ndipo wengi hukosea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tulidhani kwamba kujipangia safari ni kumwondoa wakala na kubaki na fedha zake mfukoni. Sivyo. Kazi ya wakala haiondoki, unaichukua wewe. Kila swali ambalo angeliuliza yeye sharti ulize wewe, na swali usilouliza utalilipia.

Nilikuwa nikisoma katika mji wa Munich, kusini mwa Ujerumani. Tulikuwa marafiki watatu tuliokutanishwa na Kiswahili: mimi, kijana wa Mombasa aliyesomea uhandisi, na mwingine wa Bukavu, katika Kongo, aliyesomea kilimo. Kiswahili chetu kilikuwa cha namna tatu, na mara nyingi tulichekana, lakini tulielewana. Kila jumapili kukiwa na jua tuliiona milima ya Alps kwa mbali, meupe kabisa, tukasema, "Hatuwezi kurudi kwetu bila kufika pale." Tukakubaliana kila mwezi kila mtu aweke fedha kidogo, na mimi nikachaguliwa kuwa mpangaji, kwa sababu, walisema, mimi ni mwalimu, na walimu hupenda orodha.

Orodha sikufanya. Niliona katika intaneti picha ya kijiji kimoja cha Tirol, katika Austria, chenye nyumba za mbao na theluji nene juu ya mapaa, nikapendezwa nacho. Siku ileile nikalipia nyumba, nikanunua na tiketi za gari moshi za bei ndogo kabisa, zile ambazo ukizinunua hurudishiwi fedha. Nikawapigia simu wenzangu nikajisifu kwamba nimemaliza kazi kwa saa moja.

Makosa yakaanza kuonekana moja moja. Wiki niliyoichagua ilikuwa ile ya mwezi wa Februari ambayo shule za jimbo letu hufungwa kwa sikukuu kabla ya Kwaresima. Kila mwenye watoto alikuwa njiani kwenda milimani, bei zilikuwa za juu, na mafunzo ya wanaoanza yalikuwa yamejaa tangu zamani. Siku tatu kabla ya kuondoka, rafiki yetu wa Bukavu akatukumbusha kwamba kadi yake ya ukaazi imo ofisini ikibadilishwa. Mkononi alikuwa na cheti cha muda tu. Kati ya Ujerumani na Austria hakuna haja ya viza kwa mwenye kadi halali, lakini Ujerumani imekuwa ikikagua watu katika mpaka huo tangu mwaka 2015, nasi hatukujua kama cheti kile kingemrudisha. Akabaki. Alitupeleka mpaka stesheni, akatubebea mzigo mmoja, akasimama pale mpaka gari likaondoka. Fedha zake hazikurudi.

Tulipofika tukaona kwamba nyumba yetu iko kilometa nne kutoka mlimani, na mabasi ni machache. Mlima wenyewe ulikuwa wa watu hodari. Uwanja wa wanaoanza ulikuwa kama uwanja wetu wa mpira wa wavu, umejaa watoto wa miaka minne, na walimu wote walikuwa na wanafunzi wao. Tukasema tutajifundisha wenyewe. Siku ya pili tukapanda juu, tukashuka kwa njia nyekundu, tukidhani ya buluu iko mbele. Mwenzangu wa Mombasa akaanguka, skii moja haikufunguka, na goti likageuka. Walinzi wa mlima walikuja upesi, wakamfunga vizuri, wakamtelemsha kwa machela ya kuteleza. Daktari akasema kano ya goti imekatika.

Kisha zikaja hati za madai. Kutelemshwa kwa machela kunalipiwa. Daktari yule alikuwa wa kulipwa moja kwa moja, si wa kadi ya bima ya wagonjwa tuliyokuwa nayo. Mwenzangu alikuwa ameweka akiba yake nyingine kwa karo ya mdogo wake, aliyekuwa akisoma sekondari huko Mombasa. Karo ile ikaenda katika goti, na mdogo wake akakaa nyumbani muhula mzima. Tulipokuwa tukirudi, yeye akiwa na magongo, nilijaribu kumwomba radhi. Akaniambia, "Ndugu yangu, hukufanya ubaya. Hukuuliza tu." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenigombeza.

Katika nyumba niliyokaa Munich alikuwako bibi mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika kampuni ya safari. Nilimweleza yaliyotupata. Hakunicheka. Aliniuliza, "Ulianza na nini?" Nikasema, "Na nyumba." Akatikisa kichwa. "Sisi tulianza na jambo lisiloweza kubadilika. Lile linaloweza kubadilika tulilingoja. Na fedha zisizorudi tulizilipa mwisho." Hiyo ndiyo siri yote ya kazi ya wakala, na alinipa bure. Mwaka uliofuata tulipanga kwa utaratibu huo, nami nitaueleza hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni hati za watu. Karatasi za serikali hazibembelezeki, kwa hiyo ndizo za kwanza. Anayekaa Ulaya na atazame tarehe ya pasipoti yake na ya kadi yake. Kama itakwisha karibu na safari, aende ofisini mapema aulize kwa maandishi kama cheti cha muda kinamruhusu kuvuka mpaka na kurudi. Anayetoka Afrika Mashariki anahitaji viza ya nchi za Schengen, ambayo humruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Maombi hupelekwa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Tena sharti awe na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Mtu asinunue kitu kisichorudishwa fedha kabla ya kupata viza mkononi.

Hatua ya pili ni tarehe. Sikukuu za watu huwezi kuzisogeza. Bei hupanda sana kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, na tena mwezi wa Februari shule zinapofungwa kwa zamu. Lakini baada ya tarehe 6 Januari, sikukuu ya Mamajusi, wageni hupungua na bei hushuka, na theluji kwa kawaida iko. Baridi ni kali zaidi na mchana ni mfupi, lakini mwanafunzi asiye na fedha nyingi huvumilia. Mjue pia kwamba katika Austria mafunzo ya wanaoanza kwa kawaida huanza jumapili au jumatatu. Anayefika jumatano amekwisha kuachwa nyuma.

Hatua ya tatu ni kuchagua mahali. Usichague kwa picha. Jiulize maswali matano: Je, wenzangu wanajua mchezo au wanaanza? Je, uwanja wa wanaoanza ni mkubwa, na uko karibu na kijiji? Je, gari moshi linafika? Je, kijiji kiko juu kiasi gani, maana chini sana theluji haina hakika, hasa siku hizi ambapo majira ya baridi yanapata joto? Na je, asiyeweza kuteleza siku moja atafanya nini?

Kwa maswali hayo tulichagua Seefeld, katika Tirol. Fungueni ramani zenu mkitazame: kiko kaskazini magharibi ya Innsbruck, juu ya uwanda ulioinuka kama meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Reli ipitayo hapo, kutoka Innsbruck hadi Mittenwald katika Ujerumani, ilifunguliwa mwaka 1912, na tangu mwanzo iliendeshwa kwa umeme. Kutoka Munich safari ni zaidi kidogo ya saa mbili, na stesheni iko katikati ya kijiji. Kilima cha Gschwandtkopf, chenye njia nyepesi, kiko mwendo wa miguu. Tena Seefeld ni mahali mashuhuri kwa skii za kutembelea katika nchi tambarare. Mashindano ya namna hiyo ya Olimpiki za Innsbruck za mwaka 1964 na 1976 yalifanyika huko. Mabingwa wa njia nyeusi huenda kwingine. Sisi hatukuwa mabingwa.

Hatua ya nne ni kuandika nafasi za mafunzo, kabla ya nyumba. Sisi tulifanya kinyume mara ya kwanza. Nyumba zipo nyingi, lakini mwalimu mmoja hawezi kufundisha watu mia. Tuliandika barua pepe fupi kwa shule ya mchezo: tu watu watatu, hatujui kitu, tunataka siku tatu. Siku tatu za mwalimu ni ghali kidogo, lakini ni rahisi kuliko goti.

Hatua ya tano ni nyumba. Yafaa kumwandikia mwenye nyumba mwenyewe, kwa adabu, na kumwuliza mambo haya: Ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu mpaka mlimani na mpaka stesheni? Je, shuka, kuni au moto, na usafi wa mwisho vimo katika bei? Kodi ya wageni inayotozwa kwa kila mtu kila usiku imo? Pana mahali pa kukaushia viatu? Na swali kubwa kuliko yote: tukiacha safari, arabuni yetu itarudi mpaka tarehe gani? Majibu yawe ya maandishi. Sisi tulichukua nyumba yenye jiko. Tulibeba mchele, maharagwe na unga wa mahindi kutoka Munich, na kila jioni tulipika wenyewe. Chakula cha hotelini mlimani kina bei ya kukutoa machozi.

Hatua ya sita ni usafiri. Sasa tarehe, mafunzo na nyumba vimekwisha kukubaliana, ndipo tiketi inunuliwe. Tiketi za gari moshi za bei ndogo hutolewa miezi mingi mbele, nazo huisha. Lakini nunua ile isiyorudishwa fedha pale tu ambapo mambo mengine yamesimama. Kama kuna kubadili gari njiani, acha nafasi ya kutosha, maana theluji huchelewesha hata Wajerumani.

Hatua ya saba ni bima, na hapa nawaomba msome polepole. Bima ya wagonjwa ni kitu kimoja, na bima ya kuokolewa mlimani ni kitu kingine. Katika Austria mtu aliyeumia katika mchezo na kuchukuliwa kwa helikopta aghalabu hudaiwa gharama mwenyewe, nazo ni maelfu ya euro. Kwa hiyo tazama kama hati yako ya bima inataja mambo manne: mchezo wa skii, kutafutwa na kuokolewa, helikopta, na kurudishwa kwenu. Kama neno halimo, usifikiri kwamba limo. Watu wengi hujiunga na chama cha wapanda milima, kama Österreichischer Alpenverein kilichoanzishwa mwaka 1862, kwa sababu uanachama wake huja pamoja na bima ya kuokolewa. Sisi nasi tulifanya hivyo. Tena andika katika simu yako namba za hatari: 140 ni ya waokoaji wa milimani katika Austria, na 112 ni ya hatari katika Ulaya yote.

Hatua ya nane ni vifaa. Anayeanza asinunue skii, akodi. Kiatu kiwe cha kukaza mguu: ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma. Skii za mwanafunzi ziwe fupi, zifike karibu na kidevu. Kubwa zaidi ni kifungio, kile kinachoachia kiatu mtu akianguka. Fundi hukirekebisha kwa uzito wako, urefu wako, umri wako, urefu wa soli ya kiatu chako na ujuzi wako. Mwambie kweli! Mwaka wa kwanza sisi, kwa kuona haya, tulisema kwamba tunajua mchezo. Fundi akakaza vifungio kwa kadiri ya uongo wetu, nami naamini ndiyo sababu skii ile haikufunguka.

Nguo si lazima ziwe za fahari. Vaa tabaka tatu: ya ndani isiyoshika jasho, ya kati ya sufu, na ya nje isiyopitisha maji wala upepo. Pamba haifai, maana ikilowa hukaa na maji na baridi huingia. Vaa glavu, kofia ngumu na miwani. Na mtu asijidanganye kwamba ngozi nyeusi haiungui. Theluji mpya huweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya mionzi mikali ya jua. Midomo yangu ilipasuka kama udongo wa kiangazi.

Hatua ya tisa ni hesabu. Gawa karatasi yako mafungu: hati na bima, usafiri, nyumba na kodi yake, mafunzo, kukodi vifaa, tiketi za mlimani, chakula. Kisha ongeza sehemu moja ya kumi juu ya jumla, uifungie, usiitumie ila kwa shida. Usinunue tiketi ya mlima mzima kwa siku zote kama huwezi kuutumia. Siku ya kwanza na ya pili mwanafunzi huhitaji uwanja mdogo tu, na mara nyingi kuna tiketi ndogo kwa ajili yake.

Hatua ya mwisho ni kuheshimu mlima. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIS, lina kanuni kumi, na ya kukumbuka kwanza ni kwamba aliye mbele ana haki. Anayetoka nyuma ndiye wa kuchagua njia isiyomdhuru. Kila siku hutangazwa hatari ya maporomoko ya theluji kwa namba, kuanzia 1 mpaka 5. Anayeanza asitoke kabisa nje ya njia zilizowekwa alama, hata namba ikiwa 1.

Basi, Januari ya mwaka wa pili nilikuwa na karatasi tatu zilizoandikwa pande zote mbili. Nilimwendea rafiki yangu wa Mombasa, ambaye goti lake lilikuwa limepona kwa shida na daktari wake amemruhusu kucheza polepole. Nilidhani atakataa. Akasema, "Nitakuja, lakini nipe karatasi kwanza." Alisoma kila mstari, kidole chake kikifuata maneno, kama mhindi wa dukani akikagua hesabu. Akafika kwenye bima akasema, "Nionyeshe hati yenyewe." Nikamwonyesha. Neno helikopta limo. Ndipo akacheka.

Tulikwenda watatu safari hii. Rafiki yetu wa Bukavu alikuwa na kadi mpya, na mpakani wakati wa kurudi polisi waliitazama wakamrudishia kwa asante. Yeye ndiye aliyefundishika upesi kuliko sisi sote. Siku ya tatu alitelemka njia ya buluu mpaka chini bila kuanguka, akatungoja akiwa amekunja mikono. Sisi tulianguka mara nyingi, lakini kila mara skii zilifunguka, na magoti yalibaki mahali pake. Jioni tulikula ugali na maharagwe, na nje theluji ilikuwa ikianguka kimya kimya juu ya mapaa, kama katika ile picha iliyonidanganya.

Tulipofanya hesabu tuliona kwamba tumetumia pungufu ya bei ambayo kampuni moja ilitaka kwa wiki kama ile, karibu robo moja. Ile sehemu ya kumi tuliyoifunga haikuguswa. Tulikubaliana wote watatu, bila maneno mengi, ipelekwe Mombasa kwa karo ya yule mdogo wake.

Je, nawashauri kila mtu aachane na makampuni? La. Mwenye watoto wadogo, au kundi kubwa, au anayetoka mbali kwa mara ya kwanza, huenda akapata faida kumlipa mtu wa kuuliza maswali kwa niaba yake, na sheria iwe nyuma yake mambo yakiharibika. Lakini mwenye muda, subira na karatasi anaweza kujipangia mwenyewe, mradi akumbuke kwamba amekuwa wakala.

Nasikia Chama cha Jiografia kinakusanya fedha kwa safari ya mwisho wa mwaka, na kwamba viongozi wamekwisha kuchagua mahali kwa kutazama picha. Karatasi zangu tatu bado ninazo mezani katika chumba cha walimu. Njooni mzisome kabla hamjalipa.